Kwenye bia, upepo wa kompresa una zamu moja tu

Siku tulipoionja kwenye tangi, bia ile ilikuwa nzuri kweli. Povu jeupe, harufu ya mkate uliotoka jikoni, na uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) unaobaki ulimini kidogo kisha unaondoka. Ilikuwa mwaka wetu wa kwanza wa kupika, mimi na shemeji yangu, kwenye banda la nyuma ya nyumba yake huku Nyegezi, Mwanza. Ikabaki kuihamishia kwenye makegi, yale mapipa ya chuma ya bia, na mtungi wa gesi ya kuisukumia ulikuwa umekwisha. Pembeni palikuwa na kompresa yangu ya gereji.

"Shem, upepo si upepo tu?" akaniuliza. "Haugusi kitu, unasukuma tu."

Nimetengeneza kompresa miaka mingi, na bado nilikubali. Wiki ya tatu tukafungua kegi la kwanza. Rangi ilishakoza kama chai ya jana na harufu ilikuwa ya boksi lililonyeshewa. Makegi yote yakawa hivyo hivyo. Lita 200 tulizimwaga.

Upepo unagusa, tena sana. Ndani yake mna oksijeni 21%, naitrojeni 78% na vingine kidogo. Ukiushindilia mpaka geji isome bar 2 (bar ni kipimo cha presha), oksijeni inayokutana na bia inakuwa zaidi ya mara tatu ya ile iliyopo nje, na bia inainywa. Bia iliyokwisha kuchachuka haitakiwi kubaki na oksijeni hata miligramu 0.1 kwa lita. Baridi itachelewesha ubovu huo, lakini oksijeni ikishaingia huwezi kuichuja itoke.

Sasa, kuna wakati mmoja tu ambao upepo ni halali yake. Ukishachemsha maji ya kimea (yaonje, ni kama togwa iliyochujwa), moto umefukuza oksijeni yote. Hamira ukiiweka humo inahitaji hewa ili ijenge ngozi za chembe zake kabla ya kuzaana. Ikiikosa itachoka njiani na bia itabaki na utamu usiotakiwa. Kwa hiyo poza kwanza hadi nyuzi 20 hivi, kisha pitisha upepo taratibu kupitia jiwe lenye vitundu vidogo. Shabaha ni miligramu 8 hadi 10 za oksijeni kwa lita. Hapa Mwanza tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo upepo unafika kama 7 hivi na kugoma. Usiendelee kupuliza saa nzima ukidhani utazidisha, utapoteza povu bure. Kwa bia ya kawaida ongeza hamira yenye afya, inatosha. Bia nzito, yenye kileo kingi, ndiyo inayodai oksijeni ya mtungi. Hamira ikishaanza kazi, funga upepo na usiufungue tena.

Na hata kwa zamu hiyo moja, angalia ni upepo gani. Fanya hivi kesho asubuhi: fungua taratibu koki ya chini ya tangi la kompresa na ukinge kikombe cheupe. Mimi nilikinga maji ya rangi ya kutu, juu yake yanaelea madoa ya oili yanayometameta kama upinde wa mvua. Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, ukiishindilia inatoa maji. Na msimu wa wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya ziwa kama moshi, filta ya kuvutia hewa huziba nao kabisa. Tone la oili linaua povu, na vijidudu vya hewani vinachachusha bia mpaka iwe siki. Tafuta kompresa isiyotumia oili, mwaga maji yake kila siku, weka filta za kukamata maji na oili, na mwisho kabisa, karibu na jiwe, filta ya mikroni 0.2, yenye vitundu vidogo vya kuzuia vijidudu. Hiyo ya mwisho usiiruke.

Kazi nyingine zote ipe naitrojeni, au hewa ukaa (kaboni dayoksaidi). Naitrojeni haili ladha na haiyeyuki kirahisi kwenye bia. Ila ni nyepesi kidogo kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo usitegemee ilale chini ya kegi kama blanketi. Njia ninayoiamini ni kujaza kegi maji yenye dawa ya kuulia vijidudu mpaka pomoni, kisha kuyasukuma yatoke kwa naitrojeni. Nafasi yanayoiacha inakuwa ya naitrojeni tupu. Na usichukue naitrojeni ya wajaza matairi. Mashine nyingi za matairi hutoa ya 95% hivi, na sehemu kubwa ya hiyo 5% iliyobaki ni oksijeni ileile unayoikimbia.

Lager, ile bia ya kawaida ya rangi ya dhahabu, usiiache kwenye naitrojeni peke yake siku nyingi, itapoteza gesi na kupooza. Bia nyeusi yenye povu kama maziwa ni habari nyingine: Guinness, wapika bia wa Ireland, walianza mtindo huo mwaka 1959 kwa kazi ya Michael Ash, mwanahisabati, na mchanganyiko wake kwa kawaida ni naitrojeni 75% na hewa ukaa 25%, pamoja na bomba maalumu.

Kama unaosha tangi kwa kostiki, ile ya watengeneza sabuni, toa hewa ukaa yote kwanza. Kostiki inaimeza ghafla, tangi linabaki tupu ndani na kuta zake zinaweza kukunjamana. Naitrojeni haina shida hiyo.

Jambo ninalokuomba ulishike hata ukisahau mengine ni hili. Naitrojeni inaua kimya. Hewa ukaa ikizidi utahema na kutapatapa, lakini kwenye naitrojeni mwili hauoni dalili, unaanguka tu. Usiingize kichwa kwenye tangi lililosafishwa nayo, hata kuokota kizibo. Ukimkuta mwenzako amelala ndani, usimfuate, pigia watu kelele na ufungue hewa. Mtungi wa naitrojeni ukiwa umejaa una bar 150 hadi 200, na regulata (kifaa cha kupunguza presha) ya hewa ukaa haikutengenezwa kwa presha hiyo, hata ukipata kiungio cha kuilazimisha ikae.

Chumba chetu cha mitungi hakina mlango sasa. Tuliung'oa, tukatundika chandarua cha zamani kuzuia wale wadudu wa ziwani, na upepo wa ziwa unapita humo usiku na mchana.