Ukurasa mzito, logi ya seva nyeupe: maulizo yanapotelea wapi?

Mkuu, umeuliza utayaonaje maulizo (amri za SQL za kuomba data) ambayo Django, ule mfumo wa Python wa kujengea tovuti, inayatuma kwenye kanzidata, maana umetapakaza print kila kona na bado hujui ukurasa unakwama wapi. Hizo print zifute. Hata print(qs.query), inayochapisha SQL ya ulizo, inapotosha: thamani za maneno zinatoka bila alama za nukuu, ukibandika ulizo hilo kwenye psql (dirisha la amri la PostgreSQL) linagoma.

Fungua settings.py, kwenye LOGGING, chini ya 'loggers', weka django.db.backends (sehemu ya Django inayoongea na kanzidata), kiwango DEBUG, iandike kwenye konsoli. Kila SQL itapita mbele ya macho yako pamoja na muda wake. Sharti DEBUG ya mradi iwe True, la sivyo hutapata hata mstari mmoja. Kwa hiyo hii ni ya mashine yako, si ya seva ya wateja.

Kule kwenye seva mimi huiachia PostgreSQL yenyewe, yaani kanzidata, kwa log_min_duration_statement, mpangilio unaoandika kwenye logi maulizo yanayochelewa. Isipoguswa huwa -1, yaani imezimwa. Ukiweka 250, kila ulizo linalofika milisekunde 250 linaandikwa. Ukishabadilisha, SELECT pg_reload_conf() inatosha kuisomesha mipangilio upya. Ile log_statement = 'all', inayoandika kila ulizo, niliijaribu siku moja: jioni diski imejaa, na namba za simu za wateja zimelala wazi kwenye faili. Sirudii.

Sasa nikwambie nilipoliwa. Mfumo wa duka la vifaa vya ujenzi, orodha ya stakabadhi 200 inachukua sekunde sita kufunguka. Nikaweka hiyo 250, nikasubiri siku mbili, logi nyeupe. Nikalaumu mtandao, nikamsumbua bure jamaa wa seva. Nilipokuja kuwasha logi ya Django kwenye laptop yangu, konsoli iliporomoka kama mvua ya masika: maulizo 401! Moja la stakabadhi, halafu kwa kila stakabadhi moja la mteja na moja la muuzaji. Kila moja milisekunde mbili tu, haligusi kizingiti. Lakini kanzidata ilikaa kwenye mashine nyingine, na kila ulizo lilikwenda na kurudi peke yake. Kwa hiyo hesabu idadi kwanza, muda utautazama baadaye.

select_related('mteja', 'muuzaji'), inayowavuta mteja na muuzaji pamoja na stakabadhi, ikayafanya ulizo moja. Ukitaka na bidhaa zilizomo kwenye kila stakabadhi, hapo ni prefetch_related, inayozivuta zote kwa mkupuo; litaongezeka ulizo moja. Nikaweka na assertNumQueries, inayohakiki idadi ya maulizo, kwenye majaribio ya msimbo. Mwezi uliofuata mwenzangu akaongeza jina la tawi kwenye orodha, maulizo yakaongezeka, jaribio likaanguka palepale kabla tatizo halijafika kwa mteja.