Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kuuza Nyumba ya Kira

Jinja

Mwanangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba wajukuu wangu hawajambo. Umeniuliza kama ufuate ushauri wa dalali anayetaka uweke vigae vipya sebuleni na kupaka rangi nyumba nzima kabla ya kuleta wanunuzi wengine, kwa kuwa waliotangulia walitazama kimya wakaondoka bila hata kuuliza bei ya mwisho. Vigae usiweke. Rangi utapaka, lakini kwanza kuna kazi nyingine. Mnunuzi anayeondoka kimya mara nyingi ameona dosari moja, akaanza kuwazia zile ambazo hakuzionyeshwa, na vigae havitamtoa wasiwasi huo.

Anza na ukuta wa nyuma wa chumba cha watoto, ule ambao rangi yake imevimba na kubanduka karibu na sakafu. Nilipokuja mara ya mwisho niliona kwamba mfereji wa paa umetoboka juu yake, na kwamba udongo mwekundu umerundikana nje hadi ukapita kimo cha sakafu ya ndani, kwa hiyo maji ya mvua yanasimama pale na kunywewa na matofali. Ukipaka rangi juu ya ukuta wenye maji, itavimba tena, na mnunuzi anayerudi mara ya pili, kama wafanyavyo wote wenye nia ya kweli, atajua kwamba ulitaka kumficha. Ziba mfereji, chimba udongo uondoke ukutani hadi uwe chini ya sakafu, tengeneza mteremko unaopeleka maji mbali na nyumba, kisha mwambie fundi abandue plasta iliyooza na kuuacha ukuta ukauke kabisa kabla ya kupiga plasta mpya. Kazi hiyo ifanyike katika kiangazi hiki cha Januari, maana mvua za Machi zikianza ukuta hautakauka tena hadi Juni. Rangi ije baada ya hapo, iwe nyeupe au ya maziwa, na ile ya zambarau ya sebuleni ifunikwe, ingawa najua mkeo Zuhura anaipenda.

Mengine ni madogo: bomba linalodondoka jikoni, kitasa cha choo, kioo kilichopasuka, nyasi za uani. Funika vizuri shimo la maji taka. Lipa deni la maji na uiweke risiti karibu, na siku ya wageni mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, iwe na umeme ili kila taa iwake.

Karatasi zinanipa wasiwasi kuliko kuta. Nyumba hiyo iko juu ya ardhi ya mailo, yaani yenye hatimiliki ya kudumu lakini ambayo wengine wanaweza kuwa na haki ya kuikalia, na kila mnunuzi mwangalifu katika wilaya yenu ya Wakiso atauliza kama kuna mtu mwenye kibanja, yaani kipande anachokalia na kulima bila kuwa na hati. Yupo, yule bibi wa upande wa migomba, na dalali amekushauri usimtaje. Mtaje wewe mwenyewe, siku ya kwanza, kabla mnunuzi hajasikia kwa majirani. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inamlinda hata ardhi ikibadilisha mwenye, na pia inataka mwenye ardhi anayeuza ampe yeye nafasi ya kwanza ya kununua sehemu anayoikalia. Kwa hiyo nenda ukaketi naye kwa heshima, pamoja na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na mliyokubaliana yaandikwe. Kumuuza mzee kimyakimya pamoja na migomba yake ni dhuluma, na mimi sitaki fedha ya namna hiyo iingie katika ukoo wetu.

Vilevile, kwa kuwa mnaishi humo kama familia, idhini ya Zuhura ya maandishi ni lazima kisheria, na bila hiyo mauzo hayasimami. Mwite mpimaji aonyeshe mawe ya mipaka, kwa sababu jirani wa chini amejenga ua baada yako. Hatimiliki halisi isitoke mkononi mwako wala usimpe dalali. Mnunuzi mpe nakala, ili aende mwenyewe kufanya uchunguzi katika ofisi ya ardhi ya kanda. Mkumbushe mapema kwamba kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani, ambao kwa kawaida hulipwa na anayenunua, asije akautumia kushusha bei siku ya mwisho.

Siku ya kuonyesha nyumba, fungua madirisha tangu asubuhi, watoto waende kwa shangazi yao, mbwa afungwe, na fedha, pasipoti na dhahabu ya mkeo viwe mbali, kwa maana si kila anayekuja kutazama amekuja kununua. Funguo usimwachie dalali, uwepo wewe. Wakifika wasalimie, waonyeshe mlango, kisha waache watembee wenyewe, wafungue mabomba, wagonge kuta, wanong'onezane. Muuzaji anayemfuata mgeni chumba kwa chumba akisifu humnyima nafasi ya kujiona akiishi mle. Wakiuliza juu ya ule ukuta, waeleze ulivyokuwa na ulivyoutengeneza, na uwaonyeshe mfereji.

Ujira wa dalali muandikiane sasa, kabla hajaleta mtu mwingine, na malipo yote ya nyumba yapitie benki mbele ya wakili. Fundi wa plasta nitakutafutia mimi, yule aliyejenga jiko la baba yako, kama atakuwa tayari kuja Kira wiki ijayo. Nijibu upesi nimwambie.

Mama yako