Amplifaya ya wati 1000 imeongeza desibeli 3 tu?

Sheikh, hujauziwa feki. Umetoa amplifaya ya wati 500, ukafunga ya 1000, na mita ya kupimia sauti ikapanda kutoka desibeli 92 hadi 95. Ndivyo inavyotakiwa.

Desibeli si kilo za mizani ya soko la Darajani; yenyewe inalinganisha. Nguvu ikizidi mara mbili unapata 3, mara kumi unapata 10, mara mia 20. Na sikio la mtu linataka kama 10 ndipo liseme sauti imekuwa maradufu. Kwa hiyo ukitaka 102 kwa spika hizo hizo, tafuta wati 5000, na koili za spika zitaungua kabla hujafika. Bora ubadilishe spika: angalia usikivu wake, yaani desibeli inazotoa kwa wati 1 ukipima umbali wa mita 1. Yenye 98 inaizidi yenye 92 sawasawa na kuongeza wati mara nne.

Halafu hiyo 95 uliipima umbali wa mita ngapi kutoka kwenye spika? Uwanjani, umbali ukizidi mara mbili desibeli zinapungua 6: mita 4 ni 95, mita 8 ni 89, mita 16 ni 83. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe hesabu hii haishiki, kuta zinairudisha sauti, ndiyo maana harusi ya mtaa wa pili unaisikia kama iko barazani kwako.

Jirani akilalamika madirisha yanatikisika na mita inasema 80, tazama swichi ya mita yenye A na C, inayochagua besi ihesabiwe kiasi gani. Ikiwa kwenye A, besi ya hertz 50 inakatwa desibeli 30 hivi. Weka C, isiyoikata sana besi; namba ya A na ya C zikipishana sana, tatizo ni besi, punguza hapo tu.

Upepo wa Forodhani nao hudanganya mita, hasa kwenye C, basi ivishe sponji yake. Iweke S (polepole), isiwe F (haraka), namba itulie. (Simu haifai kwa sauti kubwa, kipaza chake kimetengenezwa kwa maongezi.)

Mwisho, zima muziki upime jenereta peke yake. Tofauti na muziki ukipigwa ikiwa 10 au zaidi, jenereta lisahau. Lakini ukisoma 75 muziki ukipigwa na 72 ukizimwa, muziki wako wenyewe ni 72: umelingana na jenereta, na hakuna amplifaya itakayokusaidia kama kulisogeza mbali.