Kabla hujaiamini namba iliyotoka kwenye picha ya hadubini

Nimepima chembe nyekundu za damu kwenye picha kwa miaka kadhaa, na kosa lililonifundisha zaidi nililifanya mwanzoni kabisa. Nilikuwa na slaidi za makundi mawili, zimepakwa rangi ya Giemsa, nilinganishe ukubwa wa chembe. Kila picha niliiwekea kwa jicho kizingiti cha mwanga, yaani kiwango kinachotenganisha pikseli za chembe na za nyuma yake, nikikipandisha na kukishusha hadi nione mipaka imekaa sawa. Kundi la pili likatoka na chembe kubwa zaidi, nikafurahi. Mama aliyesimamia maabara akalitazama jedwali.

“Ulipokuwa unaweka kizingiti, ulijua slaidi ipi ni ya kundi lipi?”

“Nilijua, mama.”

“Basi funika majina, mwanangu, urudie zote.”

Nilirudia kwa siku mbili. Tofauti ikayeyuka.

Sikuwa nimedanganya kwa makusudi. Mkono ulifuata nilichokitarajia. Chukua chembe yenye kipenyo cha pikseli 30. Ukiusogeza mpaka nje kwa pikseli moja pande zote, kipenyo kinakuwa 32 na eneo linapanda kwa karibu asilimia 14. Pikseli moja, ambayo jicho halitaigundua! Kama tofauti unayoitafuta ni ya asilimia 10, kipanya kinatosha kuizalisha.

Kwa hiyo amua mapema namna ya kukata, yaani ya kuchagua kizingiti, iandike daftarini, uitumie ile ile kwa picha zote. Wengi tunaanza na njia ya Otsu, aliyoichapisha Nobuyuki Otsu wa Japani mwaka 1979. Inasoma histogramu ya picha, yaani idadi ya pikseli kwa kila kiwango cha mwanga, kuanzia 0 hadi 255 kwa picha ya biti 8, halafu inatafuta pa kukata ili pikseli za kila upande zikaribiane kadiri inavyowezekana. Chembe zikiwa nyingi inafanya vizuri. Zikiwa tatu tu kwenye uwanja mtupu inaweza kukosea vibaya. Hapo jaribu njia ya pembetatu, nayo ni ya kuchagua kizingiti. Zote mbili zimo ndani ya ImageJ na Fiji, programu za bure za kuchakata picha.

Picha mbovu, hata hivyo, haiokolewi na njia yoyote. Mara nyingi taa ya hadubini inaangaza katikati na kuacha pembe zikiwa na giza, na kizingiti kimoja kitazikuza chembe za pembeni. Piga picha ya sehemu tupu ya slaidi, gawanya picha zako kwa hiyo, ndipo ukate. Usiguse taa wala mipangilio ya kamera katikati ya kazi. Hifadhi picha kwa muundo wa TIFF, kwa sababu ule wa JPEG unachafua kingo, na kingo ndizo unazozipima.

Chembe nyekundu nayo ina tabia yake. Katikati ni nyembamba, inapitisha mwanga, kwa hiyo ukikata unapata pete badala ya duara. Amri ya kuziba matundu inalimaliza hilo. Lakini chembe nne au tano zikigusana na kuzunguka nafasi tupu, amri hiyo hiyo inaiziba na nafasi, na wewe unabaki na chembe moja kubwa kama ziwa. Mimi huweka kikomo cha ukubwa, kisha kila kilichozidi nakikagua kwa macho.

Zilizogusana tu zinatenganishwa kwa njia ya mabonde: programu inakifanya kitovu cha kila chembe kuwa bonde, inajaza maji, na maji ya mabonde mawili yanapokutana inajenga ukuta. Kwa chembe za duara inasaidia sana. Zile ndefu zilizopinda za mgonjwa wa selimundu inaweza kuzikata vipande. Kwa hizo napendelea programu ya Cellpose, inayotumia mtandao wa neva wa kompyuta uliofunzwa kwa picha nyingi za seli, ila nayo naikagua vile vile.

Vipimo, je? Ili kugeuza pikseli kuwa mikromita, tumia slaidi ya kupimia, ile yenye milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila mstari mikromita 10, na urudie kwa kila lenzi. Chembe nyekundu ya mtu mzima ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8. Ukiona wastani wa 18 au wa 3, huenda mtu amehama kati ya lenzi ya 40 na ya 100 na kipimo kimebaki cha zamani. Na chembe zinazogusa ukingo wa picha zitoe.

Kabla ya kuiachia programu picha zote, mimi na mwenzangu tunachora kwa mkono chembe 50 zile zile, kila mtu peke yake. Sisi wawili tukipishana kwa asilimia 4, siandiki kwamba programu imepima kwa usahihi wa asilimia 1. Majina ya slaidi hadi leo nayafunika kwa karatasi ya gundi yenye namba, na orodha anakaa nayo mwenzangu hadi jedwali likamilike.