Maswali Yenu: Tangazo limelipiwa, mteja anauliza mauzo yako wapi

SWALI: Ninasimamia kurasa za Facebook na Instagram za duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru. Mwezi uliopita nilitumia shilingi 12,000 za mteja kutangaza mabati. Nikampelekea ripoti: watu waliofikiwa 18,400, maonyesho 46,000. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Sasa mabati yameuzwa mangapi?" Nimweleze vipi mzee huyu?
— Msomaji, Nakuru

JIBU: Mzee ameuliza swali ambalo mlipaswa kulijibu pamoja kabla hata shilingi moja haijatoka. Tuanze na tarakimu zako. "Waliofikiwa" ni akaunti zilizoona tangazo angalau mara moja. "Maonyesho" huhesabu kila mara lilipotokea kwenye skrini, hata kama ni mtu yule yule. Ukigawa 46,000 kwa 18,400 unapata 2.5, maana yake kila mmoja ameliona mara mbili na nusu kwa wastani. Hayo yote bado hayajafika kaunta. Muuza mabati akisoma 46,000 bila maelezo anaelewa wateja 46,000, kisha anatazama dukani anamkuta fundi mmoja akipimiwa kilo mbili za misumari. Anaona amedanganywa, hata kama tangazo lilifanya kazi yake vizuri.

Kaa naye umuulize: wewe biashara yako unaihesabu kwa nini? Duka la ujenzi huhesabu watu wanaoulizia bei, halafu wanaolipa. Basi chagua lengo la tangazo linalolingana na hesabu hiyo, yaani linalomfungulia mtu mazungumzo ya WhatsApp. Hapa wengi hukosea. Mfumo wa Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, hutafuta watu wenye mazoea ya kufanya kile ulichokiagiza. Ukiagiza laiki, utaletewa watu wa kubofya laiki, na wengi wao hawajengi nyumba yoyote.

Simu ya duka iwe na WhatsApp Business, na kila anayeandika awekewe lebo: "ameuliza bei", "amelipa". Bila lebo hizo utabaki kukisia, na mteja atakuwa na haki ya kutokuamini. Kisha ripoti iende kila wiki, fupi, kwa mfano:

*"Habari ya jioni, Mzee. Wiki hii tangazo limetumia 3,000 kabla ya kodi ya VAT. Watu 24 wametuandikia kuhusu mabati ya geji 30, yaani shilingi 125 kwa kila mmoja. 15 walipewa bei siku hiyo hiyo, na 4 kati yao wamelipa. 9 waliandika baada ya saa kumi na mbili jioni wakajibiwa kesho yake, hakuna aliyerudi. Naomba tuamue nani atashika simu ya duka hadi saa tatu usiku. Nikipata jibu kufikia Jumanne, nitaendelea na tangazo hili hili."*

Tazama ujumbe huo unavyokwenda: pesa kwanza, kilicholetwa na pesa hiyo, mahali panapovuja, ombi moja, siku ya kujibu. Waliofikiwa na maonyesho waweke chini kabisa, au usiwaweke. Usiogope kumwambia kwamba tatizo liko upande wa duka. Ukinyamaza kuhusu wale 9, mwezi ujao atakukatia bajeti kwa kosa la simu iliyozimwa jioni.

Na VAT msiiache ije kama mgeni wa usiku. Matangazo ya 12,000 yakiongezwa asilimia 16 yanakuwa 13,920. Kama 12,000 ndiyo pesa yote aliyo nayo, tangazo lenyewe ni kama 10,345. Mwandikie hivyo tangu mwanzo, na ada yako iwe kwenye mstari wake peke yake.

SWALI: Mteja wangu ana hoteli ya samaki Kisumu. Hunitumia ujumbe wa sauti saa nne usiku, mara rangi ya bango, mara picha, mara bei. Nikibadilisha, mumewe anataka vingine. Tangazo la Ijumaa linatoka Jumamosi.
— Msomaji, Kisumu

JIBU: Usimkataze kutuma sauti, ndivyo anavyofanya kazi akiwa jikoni. Wewe sikiliza, kisha andika: "Nimekuelewa hivi, Mama: (1) bei ya ngege wa kukaanga iwe 650, (2) picha ya ziwa itoke. Niendelee?" Akijibu "Ndiyo", hicho ndicho kibali, na usiguse kazi kabla yake. Mwombe pia achague mtu mmoja wa kutoa neno la mwisho. Mume na mke wazungumze wao kwa wao, wewe uletewe uamuzi.

Mkubaliane marekebisho mawili ndani ya ada, la tatu lina bei yake. Tangazo la Ijumaa likubaliwe kufikia Jumatano saa kumi jioni, kwa sababu Meta hulikagua kabla ya kulionyesha. Kwa kawaida ukaguzi huisha ndani ya saa 24, lakini wakati mwingine huchukua muda mrefu zaidi, na likikataliwa unahitaji nafasi ya kulirekebisha.

Mweleze na sababu ya kutobadilisha picha tangazo likiwa hewani. Mfumo hujifunza nani wa kumwonyesha, na kwa kawaida huhitaji matokeo kama 50 (kwa mfano, watu kuandika ujumbe) ndani ya siku saba kabla ya kutulia. Picha ikibadilishwa, unaanza kujifunza upya kwa pesa yake. Wateja wengi hutulia wakisikia hivyo, kwa sababu sasa wanajua kinachopotea.

SWALI: Ukurasa wa mteja niliufungua kwa jina langu. Sasa tunaachana na anataka paswadi. Nimpe?
— Msomaji, Kakamega

JIBU: Paswadi yako usimpe mtu, lakini ukurasa ni wake, mkabidhi. Kwenye mipangilio mwongeze yeye mwenyewe awe na udhibiti kamili, hakikisha ameingia, ndipo ujitoe. Ukijitoa kwanza, ukurasa unaweza kubaki bila mwenyewe. Kwenye Google Business Profile, yaani ukurasa wa biashara unaoonekana kwenye Google na ramani zake, mmiliki mpya hungoja siku saba kabla ya kuweza kupewa umiliki mkuu, kwa hiyo mwongeze leo, usingoje siku ya mwisho.

Orodha ya namba za wateja wake mrudishie, kisha uifute kwenye simu yako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikuruhusu kuitumia kumtangazia mtu mwingine. Mwandikie siku uliyoifuta.