Muulize Mkunga: Vidonge vya Damu na Kikombe cha Chai

SWALI: Shikamoo Sista. Nina mimba ya miezi sita, ya pili. Kliniki walinipima kiwango cha damu (hemoglobini) wakakuta 9.1. Nilikuwa nameza kile kidonge kimoja cha chuma na foliki, sasa wameniongezea kingine cha chuma peke yake. Navimeza vyote asubuhi na chai ya maziwa, ndiyo nisisahau. Roho inanichafuka, choo kimekuwa cheusi tititi, na damu haipandi. Mama mkwe anasema niviache, eti vitanenepesha mtoto mpaka nipasuliwe, na ananikamulia bitiruti. Jirani naye ameniletea foliki ya miligramu 5 kutoka duka la dawa, ati ina nguvu zaidi. Nimsikilize nani?
Mke wa mvuvi, Dunga, Kisumu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikilize muuguzi wako, ila hiyo chai uitenge na vidonge.

Majani ya chai yana kitu kinachokikamata chuma tumboni kabla mwili haujakinyonya. Maziwa nayo yana kalsiamu, na kalsiamu huzuia chuma vilevile. Kwa hiyo unameza dawa, kisha unaifungia mlango mara mbili kwa kikombe kimoja. Sikukatazi chai, nikikataza chai Kisumu nitahamishwa mji. Inywe asubuhi kama kawaida, halafu kidonge kimoja kimeze saa nne kwa maji, chai ikiwa imeshashuka. Cha pili kimeze unapokwenda kulala, pamoja na chungwa au pera, maana vitamini C husaidia chuma kunyonywa. Roho ikizidi kuchafuka, meza baada ya chakula cha jioni. Kitanyonywa kidogo kuliko tumbo likiwa tupu, lakini ni bora hivyo kuliko kukiacha kwenye pakiti. Choo cheusi kisikutishe: ni chuma kilichobaki kinatoka. Kikikauka, ongeza maji na papai.

Kidonge cha kliniki kina miligramu 60 za chuma na 0.4 za foliki. Hicho ni kipimo cha kumkinga mjamzito. Damu ikiwa chini ya 11, chuma hupandishwa hadi miligramu 120 kwa siku mpaka irudi sawa, ndiyo sababu umeongezewa. Haipandi kwa siku tatu, mama. Rudi upimwe baada ya mwezi, na hata ikipanda usiache, kwani mwili bado unajaza akiba.

Foliki ya jirani irudishe leo. Sisi tuko ukanda wa ziwa, malaria ni yetu, na kliniki wanakupa SP, dawa ya kukukinga na malaria wakati wa mimba. SP huiua malaria kwa kuinyima foliki. Sasa ukimeza miligramu 5 kila siku unapunguza nguvu ya dawa inayokulinda, wakati malaria yenyewe huvunja chembe za damu hizohizo unazohangaikia. Ile 0.4 ya kliniki haina shida na SP. Na ulale ndani ya neti.

Kwa mama mkwe nenda na heshima, bora umwalike kliniki aulize mwenyewe. Vidonge hivi havitengenezi majitu. Watoto wakubwa kupita kiasi niliowapokea, wengi mama zao walikuwa na kisukari. Upungufu wa damu ndio unaohusishwa na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo. Tena kuna jambo ambalo wakunga hatulisahau: kila mama hutoka damu akijifungua. Mwenye akiba huvumilia. Mwenye 7 akitokwa na damu nyingi, tunakimbizana na chupa za damu korido nzima.

Bitiruti kunywa ukiipenda. Ina foliki kiasi, lakini chuma chake ni haba. Tunadanganywa na rangi. Omena, nyama, ndengu na managu yenye ndimu vitakusaidia zaidi. Na odowa, ule udongo wa kutafuna, je? Hukuitaja, lakini wajawazito wengi wanaitafuna kimyakimya. Hamu ya udongo yenyewe huweza kuwa dalili ya damu kupungua, na huo udongo unakamata chuma pia. Mwambie muuguzi, hatakucheka. Na moyo ukienda mbio au pumzi ikikata ukiwa umekaa tu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.

SWALI: Binti yangu wa miaka saba ana selimundu (sickle cell), anatumia foliki. Mama yake alibakisha vidonge vya chuma baada ya kujifungua. Naweza kumpa aongeze damu?
Baba, Nakuru

JIBU: Hapana, baba. Damu yake haipungui kwa kukosa chuma. Chembe zake huvunjika mapema, na chuma chake hubaki mwilini. Kama amewahi kuongezewa damu, kimezidi hapo. Foliki aendelee nayo kama alivyoandikiwa, kwa kuwa mwili wake unatengeneza chembe mpya mbiombio. Chuma hapewi mpaka daktari apime na kuona kweli kimepungua. Na hivyo vidonge vilivyobaki virudishe kituo cha afya, visikae nyumbani. Vinafanana na peremende, na mtoto akivimeza vingi vinaweza kumuua.