Mshirika anaficha hesabu za SARL: upeleke kesi wapi Lubumbashi?

Dada yangu, umeniandikia kwamba una 30% ya SARL (kampuni ambayo dhamana ya kila mshirika inaishia kwenye mchango wake), na mshirika wako anayeisimamia anakuficha hesabu. Hiyo si kesi ya polisi, wala si ya kulia kwa chifu wa mtaa. Ugomvi wa washirika wa kampuni ya biashara ni kazi ya Tribinali ya Biashara, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2001, na hapa Lubumbashi tunayo.

Uzuri wake uko kwa wanaokaa mbele yako: jaji mmoja wa serikali, na pembeni yake wafanyabiashara wawili waliochaguliwa na wenzao. Hao hautawafundisha faktire ni nini, au namna stoku inavyoweza "kupotea" kwenye makaratasi. Mimi naona hiyo ndiyo nguvu yenyewe ya tribinali hii.

Lakini usikimbilie kesi kubwa. Tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara), na sheria yake ya makampuni inakupa njia nyepesi. Wewe si msimamizi, basi mwandikie msimamizi maswali juu ya jambo linalotishia uhai wa kampuni. Unaruhusiwa mara mbili kwa mwaka wa hesabu, na yeye ana siku 15 za kujibu kwa maandishi. Akinyamaza, na wewe una angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji (umesema 30%, inatosha kabisa), omba tribinali iteue mtaalamu achunguze zile operesheni unazozitilia shaka.

Tunza nakala ya kila barua, yenye sahihi ya aliyeipokea. Na tafuta avoka (wakili) mapema, tafadhali.